Tulimnyoa kwa Sababu Alitulia

Madale,
Dar es Salaam.
9 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Tusajigwe,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kifua kimepoa. Mvua za Tukuyu zimeshaanza, na nakujua, hutavaa soksi mpaka uugue. Vaa soksi. Mgahawa unaendeleaje? Yule msichana wa kukusaidia vyombo bado yupo, au naye ameolewa? Na goti lako, lile uliloanguka nalo siku ya mazishi, bado linauma ukipanda kilima?

Sisi huku tupo. Siwezi kusema tunaumwa, tumechoka tu. Joto la mwezi huu halina huruma, na macho yangu yamekuwa mazito. Uzi hauingii kwenye sindano ya cherehani mpaka Lusungu anitungie. Gibson ni mzima, amenenepa, suruali nilizomshonea Pasaka hazifungi. Salamu zake hazina maneno, lakini nikitaja jina lako anashika sikio lake la kulia, kwa sababu ndilo ulilokuwa ukimvuta kwa utani. Salamu za Lusungu nitaziweka mwishoni kabisa. Amenikataza kuandika "anakuamkia", na ukisoma utaelewa kwa nini nimemtii.

Ningeweza kukupigia simu. Nimejaribu mara kadhaa, lakini nikisikia sauti yako naisikia ya ndugu yetu marehemu Bupe, wewe nawe unaanza kulia, tunaishia kuulizana bei ya mchele. Kwa hiyo nimeona niandike. Theonest fundi bomba anasafiri Jumanne kwenda kumzika mjomba wake huko, atakuletea mkononi.

Jambo lenyewe ni la Lusungu kuja kwako Januari.

Picha ya kitanda uliyotuma kwenye simu tumeiona, mimi na Lusungu. Umemtengenezea kitanda kizuri, na foronya ya maua, na pazia la rangi ileile. Nilikaa na simu mkononi mpaka kioo kikazima, nikakiwasha tena. Najua umekaa peke yako katika nyumba ile tangu shemeji alipofariki, na najua ulivyokipanga chumba hicho. Kwa hiyo usidhani naandika bila kuona kile ninachokuomba.

Nakuomba asije. Nakuomba umwachie abaki hapa Madale na mdogo wake Gibson, walau mpaka tumjue vizuri. Na nakuomba kaka Benson aambiwe na wewe, kabla hajaja kumchukua baada ya Krismasi. Sasa nikueleze.

Unakumbuka kikao cha baada ya mazishi. Tulikuwa wote pale kwenye mkeka, nyuma ya nyumba yetu hii mimi na Bupe tuliyokaa pamoja, yeye na watoto wake chumba cha uani, mimi chumba cha mbele. Kaka Benson alitoka Temeke na ule uso wake wa kuendesha mikutano. Baba wa watoto hakutokea hata msibani, hivyo hakukuwa na mtu wa kumwuliza. Nakumbuka maneno ya kaka kama yalivyotoka.

"Huyu dume ndiye kazi. Anajulikana ana usonji, ana kitengo chake shuleni, ana kliniki yake. Abaki na Maga hapahapa mjini. Binti hana neno. Huyu hata ukimpeleka mwezini atakaa."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani. Shangazi yetu wa Kyela akasema, "Binti gani huyu, hata macho hainui mbele ya wakubwa. Bupe alijua kulea." Wote tukaitikia, na mimi nikiwemo. Lusungu alikuwa akipita na sinia la vikombe. Ulimwuliza kama atakuja kukaa na wewe, akapiga goti, akatazama chini, akasema, "Ndiyo, mama mdogo." Nilishusha pumzi. Nilijiona kama mtu aliyepunguziwa ndoo moja kati ya mbili.

Adabu hiyo ndiyo iliyotupoteza, Tusa. Sisi kwetu mtoto wa kike asiyetazama watu usoni ni mtoto mwenye adabu. Gibson alipokuwa hatutazami usoni, akiwa hajafika hata miaka mitatu, tulimkimbiza hospitali. Dada yake alikuwa hatutazami vilevile, tukamsifu.

Nataka nikusimulie siku ya kuanua matanga, walipowanyoa watoto. Najua uliondoka na basi la alfajiri ile, kwa hiyo hukuiona. Shangazi alikuwa na ile mashine ya kunyolea. Gibson aliposikia inavyovuma akajitupa chini ya kitanda, akamng'ata kaka Benson mkononi alipoingiza mkono kumvuta. Shangazi akasema, "Mwacheni na nywele zake huyo, Mungu anamjua." Tukamwacha. Desturi ikamruka, na hakuna aliyeona vibaya.

Lusungu alikuja mwenyewe. Alikaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akainamisha kichwa. Kichwani alikuwa na ile mistari myembamba ambayo Bupe alimsuka Jumapili kabla mwenyewe hajalazwa hospitali ya Mwananyamala. Naikumbuka vizuri. Mstari mmoja karibu na sikio la kushoto ulikuwa umepinda, kwa sababu Gibson alimsukuma mama yake mkono akiwa anamalizia, na Bupe akacheka akasema ataurudia akitoka hospitali. Mashine ilipita juu ya mistari yote, na ule uliopinda nao. Hakulia. Alipomaliza kunyolewa alisema, "Ahsante, bibi."

Nywele zilifungwa kwenye gazeti zikaenda kufukiwa kwenye migomba. Lile gazeti ndilo kitu pekee nilichomwona anakitazama siku ile. Alilifuata kwa macho mpaka likapotea nyuma ya ukuta.

Na kilio alicholia siku ya mazishi, ambacho kila mtu alikisifu, nimekuja kujua hakikuwa chake. Unamkumbuka Zubeda, jirani yetu wa ukuta mmoja. Analia kwa kushika kiuno, anapandisha sauti, anaishusha na kukohoa kidogo. Lusungu alilia hivyohivyo, na kikohozi chake. Wakati ule tulidhani huzuni imemkomaza.

Kilio chake mwenyewe kilikuja Mei, alipoanza tena kwenda shule. Alikuwa akirudi, akifika getini tu begi linaanguka. Anaingia chini ya meza ya cherehani yangu, katikati ya pedeli na ukuta, anajikunja, anafunika kichwa chake kilichonyolewa kwa mikono miwili. Halafu inatoka sauti moja nyembamba, haipandi wala haishuki. Nikimgusa ananipiga teke. Lusungu, Tusa, ambaye hajawahi hata kunijibu vibaya. Kiza kikiingia anatoka, ananawa uso, anaosha vyombo, na ukimwuliza anasema, "Nipo salama mama mkubwa, nashukuru Mungu."

Ikawa hivyo karibu kila siku. Mimi nikashona huku miguu nimeikunja, nisimkanyage.

Nilikwenda shuleni. Mwalimu wake alinishangaa. "Mama, huyu ni mfano wa darasa. Ningekuwa na kumi kama yeye ningezeeka taratibu." Nikarudi nimechoka zaidi ya nilivyokwenda. Zubeda naye akaniambia juu ya ukuta, "Dada Maga, mie nakwambia huo ni umri. Chausiku wangu alinifungia mlango mwaka mzima, akaja kuufungua anataka wigi." Tulicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu msiba. Lakini usiniulize kama niliamini.

Kilichotusaidia ni kwamba sikuwa na mtu wa kumwachia. Agosti Gibson alikuwa na siku yake ya kliniki, nikaenda nao wote wawili. Daktari ni dada mdogo tu, mpole, ana mwanya kama wa Bupe. Wakati Gibson anazungusha tairi la kigari, daktari akawa anamwangalia Lusungu aliyekaa kwenye benchi na viganja vyake amevikalia. Akamsalimia. Lusungu akashuka kwenye benchi, akapiga goti, akasema lile neno lake la nipo salama nashukuru Mungu, na tabasamu lake.

Daktari hakumsifu. Alimwuliza taratibu tu, "Maneno hayo mazuri umejifunza kwa nani?"

"Kwa mama Chausiku jirani."

"Na kutabasamu hivyo?"

"Kwa Yasmini. Tunakaa dawati moja."

"Na nyumbani, ukiwa peke yako, unafanyaje?"

Lusungu akafikiri. Unajua mtoto huyu hasemi uongo, ukimwuliza swali lililonyooka anakupa jibu lililonyooka. Akasema, "Nikifika getini nayatua yote."

Daktari akaniangalia. Mimi nikatazama ukutani, palikuwa na picha ya mtoto anayepiga mswaki. Siku zote zile nilikuwa nikiona begi linaanguka, nikidhani ni begi tu.

Alimwita tena mara kadhaa, peke yake, na mimi peke yangu. Hajafunga neno, anasema hatua bado zipo, lakini anaona Lusungu naye ana usonji kama mdogo wake, ila wa kwake umekaa ndani. Nitakueleza nilivyoelewa, maana nawe utauliza kama nilivyouliza, inawezekanaje ugonjwa mmoja uwe na sura mbili katika nyumba moja. Kwanza alinisahihisha kwamba si ugonjwa, ni namna mtu alivyoumbwa.

Anasema watoto wa kiume wengi wanagunduliwa mapema kwa sababu mambo yao yanaonekana mtaani. Wanakimbia, wanapiga kelele, wanapanga vifuniko vya soda mstari mmoja, wanapenda kitu ambacho jirani atakiona cha ajabu. Gibson na matairi yake. Mtoto wa kike mara nyingi anapenda kitu ambacho wasichana wote wanakipenda, ila yeye anakipenda kwa namna nyingine. Hapo nikakumbuka Lusungu na kusuka. Tuliona ni msichana tu anayependa nywele. Lakini, Tusa, huyu mtoto akikaa kanisani haoni mchungaji, anaona vichwa. Anaweza kukuambia fulani alisukwa na nani, na mwezi uliopita alikuwa na mistari ya namna gani, na kwa nini wa katikati umekaa vibaya. Ukimkatiza anaanza upya toka kichwa cha kwanza. Tulikuwa tunasema ana jicho la ususi.

Halafu wasichana, anasema, wanatazama wenzao na kuiga, mpaka hata vipimo vinawapita, kwa sababu vipimo vingi vilitungwa kwa kuangalia zaidi watoto wa kiume. Si wote, alirudia hilo, wapo wavulana wanaojificha na wasichana wanaoonekana. Lakini kuiga ni kazi, na mtu anaifanya mchana kutwa bila mapumziko.

Na umri nao. Nilimwuliza mbona alipokuwa mdogo hakuwa hivi. Akasema mchezo wa watoto wadogo ni kukimbizana, hata asiyeelewa anaweza kukimbia. Wakifika miaka kumi na mbili, kumi na tatu, wasichana wanakaa kuongea. Wanasema hivi na kumaanisha vile, wananuniana bila kusema sababu. Pale kuiga hakutoshi tena, na ndipo wengi wao wanapoanza kuanguka. Akaongeza mwili unaobadilika, akaongeza msiba. Kwa Gibson mambo yameenda kinyume. Yule aliyekuwa ananing'ata leo akizidiwa anasema "kelele", anaziba masikio, anakwenda zake uani. Umri unamnyoosha yeye wakati unamkunja dada yake. Sikuwa nimewaza kwamba miaka inaweza kupita katika chumba kimoja ikafanya mambo mawili.

Siku ile tuliporudi nilikaa kizingitini na viatu vyangu. Nikamkumbuka Bupe. Unaikumbuka harusi ya binamu yetu kule Masoko? Bupe alicheza, akagawa chakula, akachekesha wageni mpaka mama akaona fahari. Halafu akapotea. Tulimkuta kwenye migomba, amelala juu ya majani makavu, kitenge amejifunika mpaka kichwani, na hakutoka hapo mpaka kesho yake. Sisi tukamwita mgonjwa wa sherehe. Mama peke yake alisema, "Mwacheni, amejaa." Na hapa Madale, mpaka amekuwa mama mzima, akitoka kanisani alikuwa anaingia chumbani anafunga mlango, anasema anakunja nguo. Nguo zenyewe hazikuwa nyingi kiasi hicho. Sisemi kitu, mimi si daktari. Nimekumbuka tu, na nikatamani ningegonga mlango siku moja nimpelekee maji ya kunywa.

Sasa urudi kwenye kile kitanda, mdogo wangu.

Fikiria mgahawa wako. Wewe ni mtu wa watu, wateja wanaingia tangu asubuhi, kila mtu na salamu yake. Lusungu atawasalimia wote. Atapiga goti, atatabasamu kama Yasmini, wateja watakuambia umepata binti. Shule mpya, lafudhi mpya, wasichana wapya wa kuwasoma. Na jioni atatua wapi? Hapa anajua getini, anajua chini ya meza yangu, anajua Gibson hamwulizi kitu. Wanakaa wote wawili uani bila kuongea, yeye anasuka nyuzi za mkeka mbovu, mdogo wake anazungusha tairi lake, na nadhani ndiyo saa pekee katika siku ambayo hajabeba kitu. Kikao kiliamua kumtenganisha na huyo kwa sababu tulidhani Gibson ndiye mzigo.

Tulimnyoa kwa sababu alitulia. Gibson tulimwacha kwa sababu aling'ata. Na sasa tunamhamisha kwa sababu alisema ndiyo, wakati ndiyo ni neno ambalo huyu mtoto anawapa watu wote, kama karanga za msibani.

Daktari alinipa kazi moja ya nyumbani, nimwulize maswali ambayo hapana inaruhusiwa. Nikaona ni rahisi. Nikaanza na uji au chai. "Chochote, mama mkubwa." Gauni hili au lile. "Lolote." Ikapita Septemba, akafanya mtihani wake wa darasa la saba, ikaingia Oktoba, chochote, lolote. Nikachoka, nikaacha kuuliza, nikaanza tena kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya.

Jumapili moja nilikuwa namvalisha lile blauzi la lesi alilonunuliwa na kaka, tunachelewa, Zubeda yupo mlangoni ananirudishia chungio. Lusungu akasimama, mkono mmoja umeingia, mwingine bado. Akasema kwa sauti ndogo, "Sitaki. Linachoma."

Zubeda akashika mdomo. "Hee, leo mtoto kasema. Dada Maga, kalitupe hilo lilesi lako, au unipe mie nichujie nazi."

Lusungu alimtazama kama anayesubiri kuchapwa. Nikamwambia, vua. Akavaa fulana ya shule kanisani, na wazee wa kanisa wakaniangalia, nami nikaimba tu.

Tangu siku hiyo ana sitaki chache. Hataki bamia. Hataki kukumbatiwa na watu wanaonukia manukato. Hataki niseme "hajambo" kwa niaba yake. Zinanichelewesha na zinanichosha, Tusa, maana ni mwanzo na hazijui adabu. Lakini kukaa chini ya meza kumepungua. Sasa ni siku moja moja.

Ndipo wiki iliyopita nilipomwuliza la kuja kwako. Nilimwambia anaweza kukataa na hakuna atakayemkasirikia, si mimi wala mama mdogo. Nilisema kwa niaba yako, unisamehe. Alikwenda uani. Ikapita siku, ikapita nyingine. Nilikuwa nashona upindo wa shuka, yeye ananitungia uzi, hajainua macho kwenye tundu la sindano, akasema, "Sitaki kuhama." Akanipa sindano.

Basi. Ninalo neno lake la kweli, na siwezi kulikunja nikaliweka kabatini nikasubiri kaka Benson aje na begi. Tafadhali mpigie wewe. Kikao kilimkabidhi kwako, kwa hiyo neno ni lako. Mimi nikimwambia atasema Maga amezoea kulialia. Mwambie hujamkataa mtoto, umemwachia. Nisingependa ifike siku Lusungu aambiwe na mtu kwamba hakutakiwa Tukuyu.

Na usidhani namng'ang'ania kwa sababu nina nguvu. Sina. Ningependa siku moja niamke nisikie nyumba iko kimya na ukimya wenyewe usinitishe. Kwa hiyo ninaomba na hili. Njoo wewe. Funga mgahawa, Krismasi wateja wenyewe huwa wachache, uje ukae na sisi. Usimletee zawadi ya kumshtukiza, hapendi kushtukizwa, niambie kabla unaleta nini nami nimwambie. Ukifika usimwite aje akusalimie. Kaa tu uani, atakuja.

Nywele zake zimeota. Sasa zinashikika. Anataka ile mistari myembamba ya mama yake, si mingine. Nimejaribu, lakini unaujua mkono wangu, mama alinifundisha na kukata tamaa. Lusungu hanikasirikii. Anasema, "Si hivyo, mama mkubwa," anafumua, anangoja. Wewe na Bupe mlikuwa mkisuka kwa mkono mmoja, hata mama alikuwa hajui kichwa kipi ni cha nani. Njoo umsuke. Na ukifika karibu na sikio la kushoto, mwulize kwanza kama anautaka ulionyooka.

Nisalimie majirani zako wote. Msalimie mama mkwe wako, umwambie dawa ya mgongo aliyonipa imenifaa. Msalimie na shangazi akipita kutoka Kyela. Habari ya nywele usimwambie, alifanya kama alivyofundishwa, na amezeeka. Erasmus, mpangaji wa chumba cha Bupe, anakushukuru kwa chai uliyomtumia, anasema sasa ndiyo amejua kwamba alikuwa anakunywa maji ya rangi. Zubeda anasema ukija umletee parachichi ambazo hazijaiva, za kuivishia kwenye unga.

Aliyetupa Bupe kwa muda ule aliotupa akuangalie na wewe huko ulikolala peke yako, akupe usingizi, na akulete kwetu bila goti kuvimba. Mimi ni dada yako, nimechoka, na nakupenda kama siku ile nilipokubeba mgongoni kwenda kubatizwa.

Margareta

Hizi ndizo salamu za Lusungu. Amesimama nyuma yangu, ameniambia niandike hivyohivyo bila kuongeza neno:

Mama mdogo. Mlango wa kile chumba unafunguka kwa ndani au kwa nje? Sitaki kuhama. Kitanda usimpe mtu.